Carlos Ghosn na tarakimu zake: kutoka kiwanda cha matairi hadi sanduku la spika (uzi mrefu)

Mtoa mada

Wanajamvi, nawasalimu. Kila jina la Carlos Ghosn, aliyekuwa mkuu wa kampuni za magari za Renault na Nissan, linapotajwa humu, mazungumzo huanzia mwisho, pale alipotoroka Japani: sanduku, ndege ya kukodi, Beirut. Mwisho huo ni mtamu kuusimulia na sitaukwepa, lakini mtu aliyefanya kazi viwandani kwa miaka 40 hawezi kueleweka kwa usiku mmoja wa Desemba 2019. Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Bwana huyu alijijengea jina kwa kutangaza tarakimu hadharani na kukubali apimwe kwazo, na mambo yakaanza kumwendea kombo pale sheria ilipodai kwamba tarakimu inayomhusu yeye mwenyewe, yaani malipo yake, nayo itangazwe.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 Porto Velho, mji ulio kando ya mto mkubwa huko magharibi mwa Brazili, katika ukoo wa Walebanoni ambao babu yake alikuwa amehamia huko kutafuta maisha. Alipofika umri wa miaka sita alihamia Beirut pamoja na mama yake, akasomeshwa na mapadri Wajesuiti, kisha akaenda Paris, ambako alihitimu École Polytechnique mwaka 1974 na École des Mines mwaka 1978. Wasifu wake kwa kawaida husifia hapa lugha nyingi na pasipoti tatu. Mimi naona jambo dogo zaidi lakini lenye uzito: popote alipofika alikuwa mgeni, na mgeni ana ruhusa ya kuuliza swali ambalo mwenyeji analionea haya.

Mwaka huo wa 1978 aliajiriwa na kampuni ya matairi ya Michelin, akakaa nayo miaka 18. Akiwa na miaka 27 tu alikabidhiwa kiwanda cha Le Puy-en-Velay. Mwaka 1985 akapelekwa Brazili kusimamia shughuli za Amerika ya Kusini, wakati ambapo mfumuko wa bei ulikuwa ukila thamani ya fedha usiku na mchana, na aliyeuza tairi kwa mkopo wa mwezi mmoja alikuwa ameligawa bure. Naamini hapo ndipo alipojifunza kuitazama fedha taslimu kwanza na mengine baadaye. Akahamia Amerika ya Kaskazini, ambako Michelin ilikuwa imeinunua Uniroyal Goodrich, na kazi yake ikawa kuzifanya kampuni mbili zisizopendana ziwe moja. Aliifanya vizuri. Hata hivyo Michelin ilikuwa kampuni ya ukoo, na kijana wa ukoo huo, Édouard Michelin, alikuwa akijifunza kazi chini yake. Ghosn alijua kiti cha juu kina mwenyewe.

Basi mwaka 1996 akakubali mwito wa Louis Schweitzer, mkuu wa Renault, akawa naibu wake anayeshughulikia ununuzi, uhandisi na uzalishaji. Renault ilikuwa inapata hasara, na Ghosn akaahidi kupunguza gharama kwa faranga bilioni 20. Mwaka 1997 kiwanda cha Vilvoorde nchini Ubelgiji, chenye wafanyakazi zaidi ya 3,000, kilifungwa katikati ya maandamano na kelele za wanasiasa. Magazeti ya Ufaransa yakambandika jina la muuaji wa gharama. Jina hilo halikumtoka tena.

Sasa tufike Nissan, ambako uzi huu utakaa kidogo.

Mwanzoni mwa 1999 Nissan ilikuwa na deni lililokaribia yeni trilioni mbili, na katika miaka saba iliyotangulia ilikuwa imepata hasara karibu kila mwaka. Kampuni ya magari ya DaimlerChrysler iliitazama, ikahesabu, ikaondoka. Mwezi Machi Renault ikanunua asilimia 36.8 ya hisa, na Ghosn akatumwa Tokyo kama mtendaji mkuu wa shughuli za kila siku. Wajuzi wengi walicheka, maana Renault yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imeinuka kitandani.

Alichofanya kwanza hakikuwa kukata. Aliunda vikosi kazi tisa vya mameneja wa ngazi ya kati waliotoka idara mbalimbali. Mtu wa ununuzi alikaa meza moja na mhandisi na mtu wa mauzo, watu ambao katika Nissan ya zamani walikuwa wakilaumiana kwa barua. Kila kikosi kilipewa miezi mitatu kuleta mapendekezo, na kikaambiwa hakuna jambo la mwiko. Majibu mengi yalikuwa tayari ndani ya jengo. Wahandisi walijua kwamba vipimo walivyowadai watengenezaji wa vipuri vilikuwa vikali kupita mahitaji, na wanunuzi walijua wanalipa bei za juu kuliko Renault kwa vitu vilevile. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuyasema hayo kwa pamoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mwenyeji alikuwa na dawa kabatini mwake.

Tarehe 18 Oktoba 1999 akasimama mbele ya waandishi wa habari, akasoma mpango. Ajira 21,000 zitaondolewa duniani kote. Viwanda vitano vya Japani vitafungwa, kikiwemo kile cha Murayama nje kidogo ya Tokyo. Gharama za ununuzi zitashuka kwa asilimia 20 katika miaka mitatu, na idadi ya wagavi wa vipuri itapunguzwa kutoka 1,145 hadi 600. Nissan itauza hisa ilizokuwa nazo katika mamia ya kampuni rafiki, mtindo ambao Wajapani huuita keiretsu, ambapo mnunuzi na mgavi hushikana kwa hisa kiasi kwamba kumbadilisha mgavi ni kama kumfukuza shemeji nyumbani. Kisha zikafuata ahadi tatu: faida katika mwaka wa fedha wa 2000, faida ya uendeshaji ya asilimia 4.5 ya mauzo ifikapo mwaka wa fedha wa 2002, na deni kupunguzwa hadi yeni bilioni 700 katika muda huohuo. Akaongeza kwamba ahadi hata moja isipotimia, yeye na kamati yake nzima watajiuzulu.

Ahadi ya namna hiyo haikuwa kawaida katika kampuni kubwa za Japani. Mwaka wa fedha wa 1999 Nissan ilitangaza hasara ya yeni bilioni 684. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya yeni bilioni 331. Ahadi hiyo ya kwanza ilitimia kwa wakati wake, na mbili zilizobaki mwaka mmoja kabla ya muda. Sitaki kumpa sifa zote, kwa sababu yeni bilioni zaidi ya 600 zilizoingizwa na Renault zilikuwa pumzi ya kwanza, na hasara ile ya 1999 ilikuwa kubwa pia kwa kuwa gharama za kufunga viwanda ziliandikwa humo zote kwa mkupuo, jambo linaloufanya mwaka unaofuata upendeze. Lakini magari mapya yalitoka, mbunifu Shiro Nakamura aliyeletwa kutoka Isuzu aliyapa sura, na Wajapani wakamchora Ghosn kwenye vitabu vya katuni kama shujaa.

Mwaka 2005 akawa mtendaji mkuu wa Renault pia huku akiendelea kuiongoza Nissan, mtu mmoja juu ya kampuni mbili kubwa katika mabara mawili, akiishi ndani ya ndege. Hapa ndipo mkono wa tarakimu ulipoanza kulegea. Mwaka wa fedha wa 2006 faida ya Nissan ilishuka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Mpango wa 2011 ulilenga asilimia 8 ya soko la dunia na asilimia 8 ya faida ya uendeshaji; haukufika. Magari ya umeme, ambayo kwa haki alikuwa mbele ya wengi kuyaamini na ambayo Nissan Leaf iliyaingiza sokoni Desemba 2010, yalilengwa kufikia milioni 1.5 kwa kampuni zote mbili ifikapo 2016. Hayakufika hata nusu. Safari hizi hakuna aliyejiuzulu.

Na mwaka huohuo wa 2010 Japani ikaweka kanuni: kiongozi yeyote wa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa anayelipwa zaidi ya yeni milioni 100 atajwe kwa jina na kiasi. Ghosn akatangaza yeni milioni 890. Nchi ambayo wakuu wa kampuni hulipwa kwa kiasi kisichowachoma wafanyakazi macho ilishtuka. Waendesha mashtaka wanadai kwamba kuanzia hapo malipo yake yaligawanywa mafungu mawili, moja likatangazwa na jingine likaahirishwa hadi atakapostaafu, na kwamba fungu la pili lilifikia takriban yeni bilioni 9 katika miaka minane. Yeye anakana, akisema fedha hizo hazikuamuliwa wala hazikulipwa. Kesi yake haijasikilizwa, kwa hiyo sitamhukumu. Nasema tu kwamba yule aliyewafundisha Wajapani kubandika namba ukutani alijikuta akishtakiwa kwa namba inayodaiwa kufichwa.

Tarehe 19 Novemba 2018 ndege yake ilitua Haneda, akakamatwa. Naweka nukta hapa. Karibuni.

---

Mhasibu wa Zamu

Mtoa mada, nakushukuru kwa uzi uliotulia. Swali langu ni la kihasibu. Kama fedha hazikulipwa, kosa liko wapi? Katika vitabu vyetu ahadi isiyo na mkataba uliosainiwa haiandikwi kuwa deni.

Mtoa mada

Mkuu, umegusa penyewe. Hoja yako ndiyo ya upande wa utetezi tangu siku ya kwanza. Jibu lililopo ni la kesi ya Greg Kelly, Mmarekani aliyekuwa mkurugenzi wa Nissan na aliyekamatwa siku hiyohiyo. Tarehe 3 Machi 2022 mahakama ya wilaya ya Tokyo ilikubali kwamba yalikuwapo malipo ambayo hayakutangazwa, lakini ikamwona Kelly na hatia kwa mwaka mmoja tu kati ya minane, ikampa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Nissan yenyewe ilitozwa faini ya yeni milioni 200. Kwa hiyo mahakama haikusema jambo halikuwepo. Ilisema ushahidi dhidi ya huyu mmoja ni mwembamba. Kuhusu Ghosn haijatamka neno, kwa sababu hakuwepo kizimbani.

---

Mlalahoi Msomi

Ndugu yangu, unazunguka mbuyu. Huyu mtu alichongewa. Wajapani waliogopa Renault itaimeza Nissan, wakatafuta njia ya kumwondoa mtu aliyekuwa anaandaa ndoa hiyo. Mengine yote ni mapambo.

Mtoa mada

Ndugu, sikukatalii. Tazama hisa zilivyokaa. Renault ilikuwa na asilimia 43.4 ya Nissan zenye kura. Nissan ilikuwa na asilimia 15 ya Renault zisizo na kura hata moja, ingawa kwa miaka mingi Nissan ndiyo iliyokuwa ikiuza zaidi na gawio lake ndilo lililokuwa likiinenepesha faida ya Renault. Mwaka 2015 serikali ya Ufaransa, Emmanuel Macron akiwa waziri wa uchumi, iliongeza hisa zake ndani ya Renault ili ijipatie kura maradufu. Yokohama, yaliko makao makuu ya Nissan, walisoma ujumbe huo bila mkalimani. Juni 2018 wanahisa wa Renault walimwongezea Ghosn miaka minne, na kazi aliyopewa ilikuwa kuufanya muungano huo usiweze kuvunjika. Miezi mitano baadaye alikuwa mahabusu. Tena uchunguzi ulianzia ndani ya Nissan, na baadhi ya maofisa wake walipata kinga kwa kushirikiana na waendesha mashtaka, chini ya sheria iliyoanza kutumika Juni mwaka huohuo.

Ila nakuomba usiruke upande wa pili. Mtu anaweza kuchongewa kwa jambo ambalo kweli lina maswali. Aprili 2016 wanahisa wa Renault walipiga kura, asilimia 54 wakakataa malipo yake ya euro milioni 7.2, na bodi ikayapitisha vilevile siku hiyohiyo. Oktoba mwaka huo alifanya sherehe ya harusi yake katika kasri la Versailles, na matumizi ya jengo lile yakaja kuhojiwa kwa kuwa yaliunganishwa na ufadhili wa Renault kwa kasri hilo. Bodi mbili, ya Paris na ya Yokohama, kila moja iliamini nyingine ndiyo inayomchunga. Mbuzi wa wachungaji wawili mmemuona alivyolala njaa, huyu alishiba.

---

Mwenyeji wa Muscat

Nawaandikia kutoka Oman, ambako kesi hii ilifika hadi kwenye meza zetu za kahawa. Mojawapo ya mashtaka linahusu fedha zilizolipwa na Nissan kwa msambazaji wa magari wa huku, zikidaiwa kurudi kwa mlango wa nyuma, na Aprili 2022 waendesha mashtaka wa Ufaransa nao walitoa hati za kumkamata Ghosn na watu wanne wanaohusishwa na msambazaji huyo. Wote wana haki ya kujitetea. Ninachotaka wasomaji wa Dar na Nairobi waelewe ni kwamba soko la Ghuba halifanani na lenu. Huku gari jipya la Nissan Patrol ni kitu cha kawaida barabarani, na kampuni za Japani huwapa wasambazaji motisha kubwa wanapovuka malengo ya mauzo. Kwa hiyo fedha kwenda kwa msambazaji si ajabu. Swali ni zilikwenda wapi baadaye.

Mtoa mada

Shukrani, maalim. Umeliweka sawasawa. Upande wake unasema hivyohivyo: zilikuwa motisha halali, zikasainiwa na maofisa kadhaa. Waendesha mashtaka wanasema zilitoka kwenye akiba maalumu iliyokuwa chini ya mtendaji mkuu. Hili nalo lilihitaji mahakama, na hapo ndipo tunarudi kwenye sanduku.

Baada ya siku 108 katika mahabusu ya Kosuge, alitolewa kwa dhamana ya yeni bilioni moja tarehe 6 Machi 2019. Picha ya siku hiyo naikumbuka: mzee wa miaka karibu 65 aliyevaa kofia ya buluu, barakoa na nguo za fundi wa ujenzi zenye mikanda inayong'aa, akizungukwa na walinzi, akapanda kigari kidogo cha Suzuki chenye ngazi darini. Mawakili walidhani watawapiga chenga waandishi wa habari. Hawakumpiga chenga mtu. Mwezi uliofuata alikamatwa tena, akatolewa tena kwa yeni milioni 500 zaidi, akakatazwa kuwasiliana na mkewe bila kibali cha mahakama. Katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 99 ya wanaoshtakiwa hutiwa hatiani, alipiga hesabu yake.

Tarehe 29 Desemba 2019 alitoka nyumbani kwake Tokyo kwa miguu, akapanda treni ya mwendokasi hadi Osaka, akaingia hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Kansai. Alitoka humo akiwa ndani ya sanduku la kubebea spika, lililotobolewa matundu ya kupitisha hewa, na ambalo lilikuwa kubwa kuliko mashine ya kukagulia mizigo. Ndege ya kukodi ikampeleka Istanbul, nyingine ndogo ikamfikisha Beirut. Lebanoni na Japani hazina mkataba wa kukabidhiana watuhumiwa. Waliolipa ni wengine: Mmarekani Michael Taylor na mwanawe walifungwa Tokyo, marubani wawili na ofisa wa kampuni ya ndege wakahukumiwa Uturuki, na Kelly akabaki Japani zaidi ya miaka mitatu akisubiri hukumu. Katika mkutano wake wa Januari 2020 Ghosn alisema anajuta kuikataa kazi ya kuiongoza General Motors aliyopewa mwaka 2009. Kuhusu Kelly nilitarajia maneno mengi zaidi.

---

Fundi wa Gerezani

Mimi si msomi wa hisa, ila Nissan X-Trail za kuanzia 2007 zenye injini ya MR20 nazifungua kila wiki. Swali langu kwa mtoa mada: huo muungano umetuachia nini sisi wa chini ya boneti?

Mtoa mada

Fundi, hiyo MR20 unayoifungua ndiyo jibu lenyewe. Kampuni mbili ziliitengeneza kwa pamoja. Renault wanaiita M4R, na waliifunga kwenye gari lao la Laguna. Nissan March ya 2002 nayo imesimama juu ya jukwaa, yaani muundo wa chini wa gari, ambalo Renault walilitumia kwa magari yao madogo. Kugawana jukwaa na injini ndiyo sehemu ya kazi yake iliyobaki hata baada ya yeye kutoweka, pamoja na kiwanda cha Renault cha Tangier nchini Moroko kilichofunguliwa 2012.

Sehemu ya hisa imefumuliwa. Novemba 2023 kura za kila kampuni kwa mwenzake ziliwekwa kuwa asilimia 15 tu. Mazungumzo ya Nissan kuungana na Honda yalianza Desemba 2024, yakafa Februari 2025. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025 Nissan ilipata hasara ya yeni bilioni 671, na mkuu mpya, Ivan Espinosa, akatangaza kuondoa ajira 20,000 na kupunguza viwanda kutoka 17 hadi 10. Kimojawapo kitakachosimamisha uzalishaji ni Oppama, kilikozalishwa Leaf ya kwanza.

Fundi wa Gerezani

Ajira 20,000, na ile ya 1999 ilikuwa 21,000. Safari hii huyo Espinosa ameahidi kujiuzulu?

Mtoa mada

Fundi, nimeisoma taarifa yao ya Mei 2025 nikiwa na swali hilohilo. Nimekutana na viwanda, ajira, yeni na miaka.

Fundi wa Gerezani

Nimekuelewa. Acha nirudi kwenye boneti.